Ngome Nyeusi ya Bibi

Tbilisi, 6 Oktoba 1974

Shangazi Jujuna mpendwa,

Ushindi kwako, na kwa Baba na Mama, na kwa yule ng'ombe wako mwenye dharau.

Mimi ni mzima. Bweni lina joto, ila joto lenyewe linaishia ghorofa ya pili na sisi tuko ya nne. Ninalala chumba kimoja na Lia wa Telavi, msichana mpole anayesoma vitabu vya sataranji kitandani kama wenzake wanavyosoma hadithi za mapenzi. Chakula cha hapa kinaitwa chakula kwa heshima tu. Ukisikia mtu anakuja huku, nitumie jibini na ile pilipili yako ya kusaga, maana pilipili ya hapa mjini unaweza kumpa hata mtoto mchanga.

Mashindano ya vuli yamekwisha. Hali ya hewa ilikuwa nzuri sana, na ukumbi ulipambwa maua. Jumapili iliyofuata nilikwenda bustani ya Vake, nikawafunga madereva wa teksi wawili, daktari wa meno, na profesa mmoja wa mambo ya mawe, wote kabla chai yangu haijapoa. Profesa alisema nina kipaji. Nimemwamini, kwa kuwa ni msomi.

Katika mashindano yenyewe kuna mchezo mmoja tu ambao sikuridhika nao. Nilicheza na mgeni kutoka Riga, na ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Mwishoni tulibaki na ngome moja moja, yeye akiwa na askari mmoja zaidi. Wenzangu wanasema ningeweza kupata sare. Lakini shangazi, mgeni, mbali na kwao, siku ya kuzaliwa. Niliona si vibaya akirudi Riga na kitu cha kusimulia. Nimeandika hatua zote nyuma ya karatasi hii, ili uone jinsi nilivyoanza vizuri.

Wako,
Rusudan


Kijijini, nje ya Zugdidi, 30 Oktoba 1974

Rusudan,

Ushindi kwako nawe, ingawa naona unaugawa njiani.

Sisi ni wazima. Baba yako ni mzima na hasemi kitu. Mama yako anasema kwa niaba ya wote wawili. Ng'ombe anakusalimu bila furaha. Barua yako ilichelewa kwa sababu Varlami wa posta akiona mwandiko wako huifungua bahasha kwa mvuke wa birika, akapanga kete zake, akaucheza mchezo wote, ndipo aniletee pamoja na maoni yake. Anasema kufikia katikati ulikuwa unashinda. Nimemwambia mshindi hatangazwi katikati.

Nimefurahi kusikia hali ya hewa ilikuwa nzuri. Gazeti nalo liliandika habari za hali ya hewa, na chini yake kidogo likaandika matokeo, ambamo jina lako ni la pili kutoka mwisho. Nadhani ulikosa nafasi kwenye karatasi. Gazeti limeandika pia kwamba mwezi wa Mei watachuja timu ya vijana wa jamhuri, sita wabaki na waliosalia warudi makwao na virago vyao. Hilo nalo halikuenea kwenye karatasi.

Sasa mgeni wa Riga. Ukarimu wako umenitoa machozi. Sisi mgeni tunampa kuku, divai, kitanda cha dirishani na mtu wa kumsindikiza stesheni. Tangu lini tunampa na mfalme? Nimeucheza mchezo wako mara kadhaa. Hukumkaribisha yule msichana. Aliingia kwa sababu hujui kufunga mlango, na baadaye ukasema ulimwachia wazi kwa adabu.

Fanya hivi. Panga mfalme na ngome kwako. Mpe Lia mfalme, ngome na askari. Wewe ndiye mnyonge. Huwezi kushinda, na uzuri wake ndio huo, kazi yako ni kutoshindwa tu. Mfalme wako asimame mbele ya yule askari. Ngome yako ikae kwenye mstari unaomzuia mfalme wa Lia asipite, na ikae hapo hata kama viganja vinakuwasha. Lia atahangaika. Mwisho atamsogeza askari hatua moja, na hapo mfalme wake atakuwa hana pa kujificha. Ndipo uikimbize ngome yako mpaka upande wa pili wa ubao umsumbue kutoka nyuma, kila hatua, mpaka achoke. Ukikosea, simama hapo hapo, andika ulikuwa unafikiri nini, rudisha kete, anza tena. Usicheze mchezo mzima hata mmoja mpaka uujue huu. Na Vake usikanyage. Kuwafunga madereva wa teksi kunakufundisha kuwafunga madereva wa teksi.

Jibini nimempa kondakta wa treni. Kama amefika nalo, basi ni mtu wa dini.

Mama yako ameanza kushona mablanketi. Sijamuuliza ni ya nani.

Jujuna


Tbilisi, 24 Novemba 1974

Shangazi,

Ushindi kwenu nyote. Jibini lilifika nusu, kwa hiyo kondakta ni mtu wa dini nusu. Theluji bado. Lia anakusalimu, anasema amekupenda bila kukuona, na mimi nimemwambia hiyo ndiyo njia salama.

Sina haja ya kukuuliza mablanketi ni ya nani, kwa sababu Mama ameniandikia. Zauri, mtoto wa msimamizi wa kiwanda cha chai, ameleta posa, na Mama ameikubali kwa niaba yangu ili kunipunguzia kazi. Arusi itakuwa baada tu ya Mwaka Mpya. Anasema hakuna sababu ya kungoja Mei, kwa kuwa matokeo ya Mei yanajulikana. Amesoma gazeti hilo hilo.

Zauri simchukii. Nilicheza naye ngoma mara moja arusini kwa binamu yake, akanieleza bei ya vipuri vya pikipiki tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Ni kijana mzuri, na ana pikipiki. Sisemi nataka. Sisemi sitaki. Tuliache hilo.

Mchezo wako wa kinyonge niliucheza na Lia. Nilishindwa. Tukarudia, nikashindwa kwa njia nyingine, nadhani hayo ni maendeleo. Mwalimu wetu, Bwana Akaki, alipita, akauliza nani kanipa zoezi hilo, nikamwambia shangazi yangu anayefundisha watoto wa shule kijijini. Akasema, "Shangazi yako ana akili, wewe umemrithi nani?" Ukumbi wote ukacheka.

Lakini shangazi, mimi ni mshambuliaji. Wewe mwenyewe ulinifundisha kushambulia, nikiwa sijafika hata kwenye ukingo wa meza. Kunipa ngome moja na kuniambia nikae kimya ni sawa na kumwalika mpishi kuja kusugua masufuria. Nikishambulia vizuri tangu mwanzo, huko mwisho unakokuogopa sitafika kabisa.

Rusudan


Kijijini, 22 Desemba 1974

Rusudan,

Ushindi kwako. Mvua haikatiki, njia ya kwenda kiwandani imekuwa mto, na baba yako ametengeneza paa la banda bila kusema kitu. Barua yako ilikaa kwa Varlami majuma matatu. Haikuwa na mchezo ndani, akadhani umeuficha.

Ni kweli nilikufundisha kushambulia. Ulikuwa mtoto, na watoto hupewa peremende kwanza.

Unamkumbuka Bibi Dodo? Amechuma chai maisha yake yote, na mpaka leo anachuma jani gumu pamoja na chipukizi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumshika mkono akamwonyesha. Anachuma upesi kuliko wote. Anakosea upesi kuliko wote. Ukimwambia, anakujibu ana miaka mingi kazini. Bustani yako ya Vake imejaa akina Dodo, nawe ulikuwa unakaribia kuwa malkia wao. Kucheza sana si kujifunza. Kujifunza ni kukaa na kile kinachokuaibisha, peke yake, polepole, mpaka kiache kukuaibisha. Ndiyo maana watu hawapendi, na mimi nawaelewa.

Kwa kuwa Lia ni mpole na nadhani anakuhurumia, kuanzia sasa utacheza na mimi kwa kadi za posta. Mimi nina mfalme, ngome na askari. Wewe una ulichonacho. Kadi yangu ya kwanza iko njiani, na kwa kuwa haina bahasha Varlami hataichelewesha. Kila kadi yako iwe na hatua yako na sababu yake. Hatua isiyo na sababu nitairudisha.

Sasa kuna jambo dogo. Ukoo wa Zauri ulikuwa uje kuona sanduku lako la arusi. Unawajua watu wa huku, bibi arusi akiingia kwa mume bila sataranji, wazee watasema ameingia uchi. Kwa hiyo mama yako alikuja kwangu kuchukua ile ya marehemu bibi yako, ile iliyoingia nyumba hii ndani ya sanduku lake mwenyewe. Tukahesabu kete. Ngome nyeusi moja haipo. Tumetafuta chini ya vitanda, kwenye banda la kuku, ndani ya mapipa ya mahindi. Mama yako alilia. Mimi pia nilihuzunika, kwa kadiri nilivyoweza.

Arusi imesogezwa mpaka ngome ipatikane, au mpaka mkerezaji wa Zugdidi achonge nyingine. Mkerezaji ni mlevi, kwa hiyo usikimbilie kununua viatu.

Jujuna


Tbilisi, 30 Januari 1975

Shangazi mpendwa,

Ushindi kwako, na heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Huku theluji imefika magotini. Lia amepata homa akapona. Pilipili imefika salama, nadhani kondakta aliionja.

Nasikia kijiji kizima kinacheza dhidi yangu. Binamu yangu ameniandikia kwamba Varlami anabandika kadi zangu ukutani pale posta na watu wanaweka dau la divai, na kwamba Bibi Dodo amesema mimi nina haraka. Bibi Dodo. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi.

Nimeshindwa mchezo wa kwanza, unajua. Wa pili pia, unajua. Nilitaka kukuandikia kwamba kadi zilipotea njiani. Lia akaniambia niandike kile nilichokuwa nafikiri, kama ulivyosema, basi naandika. Katika mchezo wa kwanza ngome yangu ilikuwa mahali pake. Haikuwa na tatizo lolote. Niliiondoa kwa sababu niliona haya kukaa bila kufanya kitu huku wewe unatembea. Katika mchezo wa pili niliiondoa kwa sababu niliogopa. Nilikuona unakuja, nikakimbia kabla hujafika. Ungeendelea kuja tu, nisingeumia. Na yule mgeni wa Riga, shangazi, sikumwachia. Haikuwa hata siku yake ya kuzaliwa.

Sasa nacheza hilo zoezi kila siku na Lia, asubuhi yeye mnyonge, jioni mimi. Bwana Akaki anakuja anasimama nyuma yetu hasemi kitu. Ananikumbusha Baba.

Mama ameniandikia barua kali. Anasema mimi ndiye niliyeiba ngome ya bibi wakati wa kiangazi ili niichezee mjini, na kwamba nimemwaibisha mbele ya wakwe. Mimi sijaigusa. Mwambie. Mtu gani anaiba ngome moja?

Rusudan


Kijijini, 25 Februari 1975

Rusudan,

Ushindi kwako. Tumechinja nguruwe, soseji yako ipo kwa kondakta yule yule, tumwombee. Ng'ombe amezaa ndama mwenye dharau ya mama yake. Baba yako alisema kitu Jumatatu, lakini kilikuwa kumhusu ndama.

Nimemwambia mama yako kwamba hukuiba. Ameniuliza nina uhakika gani. Nimemjibu kwamba wewe hata mlango wa mbele huwezi kuulinda, utaweza kuiba?

Mkerezaji alilevuka kwa muda akaleta ngome. Ilikuwa nzuri. Nikaishika, nikaipeleka dirishani, nikasema mti wake ni mwekundu kidogo, marehemu bibi hangeipenda. Akaenda akaleta nyingine. Nikasema hii ni fupi, ukiiweka kwenye ubao inaonekana imepiga magoti. Juma lililopita Zauri mwenyewe alikuja na ya plastiki aliyonunua Batumi. Ni kijana mwenye nia njema, nilimpa kahawa. Nikamwonyesha jinsi plastiki inavyoteleza, akakubaliana nami, kisha akanieleza bei ya vipuri. Bibi yake amesema waziwazi kwamba sataranji yenye kiraka haiingii nyumbani kwake. Nimemsifu kwa kushika mila. Mama yako ananiangalia sana siku hizi. Mimi naangalia chai.

Kuhusu michezo yetu. Wa tatu ulipata sare, na Varlami alipoteza divai yake. Sikusifii. Ulipata sare kwa sababu mimi nilikosea, nawe hukujua kwamba nimekosea, ulikaa tu. Lakini ulikaa. Wa nne nimemhamisha askari mpaka pembeni, uone kwamba uliyoyajua pale katikati huku hayafanani. Ukishalizoea hilo nitachukua mimi unyonge, wewe uwe na askari, ujue yule anayekuja naye anaogopa nini.

Ulichoandika kuhusu mgeni wa Riga nimekisoma. Barua nyingine humsomea mama yako. Hiyo sikumsomea.

Jujuna


Tbilisi, 20 Machi 1975

Shangazi,

Ushindi kwako. Sina habari nyingi, nisamehe. Soseji ilifika nzima, sijui kondakta amepatwa na nini.

Mama ameandika kwamba amechoka na wakerezaji. Ameagiza kwa fundi wa Kutaisi na kumpelekea ile ngome nyeusi iliyobaki aifananishe, na anasema safari hii wewe hutaulizwa. Arusi ni Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Mashindano yetu yanaanza juma lile lile la Pasaka na kuendelea. Anasema nirudi kabla, nisimpotezee wakati Bwana Akaki.

Niliandika huko nyuma kwamba sisemi nataka na sisemi sitaki. Ulikuwa uongo, na uliujua. Sitaki kuolewa sasa, shangazi. Nataka kubaki hapa. Nataka kujua kama naweza, na bado sijui. Naamka saa kumi alfajiri nikiwa nimekunja vidole kana kwamba nimeshika kete. Kama nitaondolewa kwa kucheza vibaya, nitarudi na kuvaa chochote Mama atakachoshona. Nikiondolewa kabla sijacheza, sitaweza kumsamehe mtu yeyote, hata wewe ambaye hukufanya kitu.

Nifanye nini? Nimwandikie nimkatalie? Nije nyumbani tugombane? Nimwandikie Zauri?

Rusudan


(Kadi ya posta)

Kijijini, 29 Machi 1975

Usiandike. Usije. Zauri mwache na pikipiki yake.

Umeshauzoea mchezo huu, sijui kwa nini unauliza. Ukimwona anakuja, ngome yako iko wapi? Iko kwenye mstari wake. Unafanya nini? Hufanyi kitu. Wewe kaa kwenye wako, mimi nipo kwenye wangu.

Fundi wa Kutaisi ni mwanafunzi wangu wa zamani. Anatumia mti mzuri sana, wa kukaushwa polepole.

Varlami ameahidi kuifikisha hii upesi. Anasema usisahau kusumbua kutoka nyuma.

J.


Tbilisi, 12 Mei 1975

Shangazi Jujuna mpendwa,

Ushindi kwako. Safari hii nauandika huku nikijua ni neno lenye uzito, kwa hiyo lipokee kwa mikono miwili.

Maua yalikuwepo tena ukumbini. Hali ya hewa ilikuwa mbaya mno, mvua tupu, nakueleza ili usije ukaisoma gazetini ukadhani nimekuficha. Naanza na mwisho ili Varlami asiteseke na birika lake. Nimekuwa wa sita. Si wa tano, wa sita. Anayenifuata nyuma nimemzidi nusu pointi, na nusu pointi hiyo nitakueleza ilikotoka.

Mchezo wa mwisho nilipangiwa bingwa wa Batumi, msichana mwenye hereni. Nilihitaji sare tu. Kwa hiyo nilifanya nini? Nilishambulia. Usiseme kitu, najua. Shambulio lilikuwa zuri kwa muda wa saa moja, kisha likaisha, na likanigharimu askari. Tukabadilishana kete mpaka meza ikabaki tupu. Mfalme na ngome kwangu. Mfalme, ngome na askari kwake. Nilitazama ubao nikataka kucheka. Niliona kadi zako zote zimepangwa pale.

Yeye naye alitazama ubao, akanitazama mimi, akaenda kununua keki. Nadhani alikuwa amesoma mchezo wangu na yule wa Riga. Alirudi na keki yake akaanza kuja. Ngome yangu ikakaa. Akazunguka huku, akazunguka kule, akaisogeza ngome yake, akairudisha. Mimi nikasogeza yangu nafasi moja pembeni kwenye mstari ule ule, na hatua iliyofuata nikairudisha. Watu walioketi nyuma walianza kuondoka. Bwana mmoja alisinzia akakoroma, mwamuzi akamgusa bega. Mkono wangu ulitaka kufanya kitu, shangazi, hujui ulivyotaka. Nikaukalia. Nasema kweli, niliukalia mkono wangu wa kulia nikasogeza kete kwa wa kushoto.

Mwishoni akamsogeza yule askari. Nilingoja nitulie kwanza, kisha ngome ikaenda mpaka mwisho wa ubao, na kutoka huko nikamsumbua mfalme wake kila hatua. Alikimbia hadi keki ikakauka. Akanyoosha mkono kukubali sare, akasema, "Nani alikufundisha mchezo wa kuchosha namna hii?" Nikamwambia ni kijiji kizima.

Hakuna aliyepiga makofi. Bwana Akaki alikuja akanitazama, akasema kitanda changu bwenini nibaki nacho, na kwamba kuanzia Septemba ananiombea nafasi chuoni. Lia ni wa tatu, alilia kuliko mimi. Gazeti limeandika mstari mmoja kuhusu mchezo wangu, limesema haukuwa na tukio.

Jumapili ile ya arusi imepita nikiwa ukumbini. Sikuitwa, sikupigiwa simu, hakuna aliyenijia. Mama hajaandika. Wakati nimekaa pale, nikisogeza ngome yangu huku na huku bila kufanya kitu, nilifikiri juu ya mtu mwingine anayekaa na ngome moja majira yote ya baridi, wakija huyu na yule, naye anasema mti ni mwekundu kidogo.

Shangazi, ngome ya bibi iko wapi?

Wako,
Rusudan


Kijijini, 26 Mei 1975

Rusudan wangu,

Ushindi kwako, na safari hii nauandika bila mzaha.

Sisi ni wazima. Tunachuma chai ya kwanza, migongo inauma. Mama yako alinuna siku nzima, kisha akatoka akawaambia majirani kwamba uvumilivu huo umetoka upande wake, kwa baba yake. Usimbishie. Mablanketi ameyaweka sandukuni na dawa ya nondo, anasema hayaozi. Zauri amechumbia msichana wa Senaki mwenye sataranji kamili. Walipita hapa kwa pikipiki kutusalimu, msichana anacheka kila anapotaja vipuri, nadhani wataishi vizuri. Baba yako aliposikia habari zako aliweka jembe chini, akaja mpaka jikoni kwangu, akasimama, akasema, "Wa sita." Kisha akarudi shambani. Ni hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa.

Nimeucheza mchezo wako na Varlami. Hatua moja ungeweza kuiacha, nimeiwekea alama, utaona. Lile shambulio lako silizungumzii kwa kuwa leo ni siku ya furaha. Ila pale ulipoukalia mkono wako, Varlami alisoma kwa sauti mara mbili, na mimi nikatoka nje kumwangalia ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote.

Uliuliza kuhusu ngome. Ni muujiza. Jana nilifika mwisho wa mtungi wangu wa pilipili, ule mkubwa ambao mama yako hathubutu kutia mkono kwa sababu unamchubua, na chini kabisa kijiko kikagonga kitu. Jinsi ilivyoingia humo siwezi kueleza. Bibi yako alikuwa mwanamke wa ajabu.

Nimeifunga kwenye kitambaa, imo humu ndani. Fundi wa Kutaisi amerudisha ngome aliyopelekewa, anasema mti wake bado haujakauka. Kete nyingine zote ziko hapa, zimekamilika isipokuwa hiyo. Kaa nayo wewe. Ikibaki kwangu, mama yako ataikamilisha ile seti kabla ya mavuno ya zabibu, maana kuna mtoto wa mwalimu mkuu naye ameanza kuulizia. Siku utakayotaka mwenyewe kuolewa, kama itakuwepo, utakuja nayo mkononi uiweke ubaoni mbele ya watu. Mpaka hapo hakuna wa kukuwekea.

Ioshe kwanza, na usishike macho. Pilipili ya miezi mitano haitoki upesi.

Shangazi yako,
Jujuna